Somo: Mbabula Chumbani Usiku

Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, haina baridi kali. Lakini watu wa Minembwe na milima ya Itombwe wanaijua sana, hasa usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Ndipo mtu huleta mbabula ya makala chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Jambo hili huua.

Kwa sababu gani? Makala yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, wala haichomi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo makala mekundu yasiyo na moshi huwadanganya watu. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, hata ubongo na moyo hukosa hewa njema. Mtoto aliye tumboni huumia sana. Sufuria ya maji juu ya mbabula haiondoi sumu.

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea. Usiseme upesi, “Ni malaria.” Malaria haiwashiki watu wote wa nyumba kwa saa moja. Wakiamka wote wanaumwa kichwa, na wakitoka nje wanapata nafuu, shitaki makala.

Ukimkuta mtu amezimia:
1. Fungua mlango, mtoe nje upesi. Usikawie ndani, usije ukaanguka wewe pia.
2. Usimpe maziwa wala dawa kinywani, atapaliwa.
3. Kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani.
4. Mpeleke hospitali apewe oksijeni, hata akizinduka.

Namna ya kupata joto bila hatari:
1. Ota moto jioni, mlango wazi. Kabla ya kulala, toa mbabula nje, hata kama makala yanaonekana kuwa majivu.
2. Vua nguo zenye unyevu, vaa kavu, moja juu ya nyingine. Funika kichwa.
3. Weka majani makavu au mkeka chini yako, maana ardhi huvuta joto la mwili.
4. Mtoto mchanga alale kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia.
5. Kunywa uji wa moto. Pombe hudanganya: ngozi huona joto, lakini mwili unapoa.

Maswali:
1. Kwa nini mtu haioni sumu ya makala?
2. Utaitofautishaje na malaria?
3. Leo usiku mbabula yako italala wapi?