Kusaidiana na Kuchekeshana Katika Ugonjwa

Somo kwa wakatekumeni wa Masisi na Walikale

Amri ya mapendo haikai katika daftari la katekisimu tu. Hupimwa pale jirani anapougua, hasa ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Mojawapo ni kanseri ya titi, ambayo wengine huiita saratani ya titi. Somo hili laeleza ugonjwa huo, tena laonyesha jinsi akina mama wauguao wanavyoweza kutegemezana, hata kwa kuchekeshana, na ndugu zao wafanye nini.

1. Ugonjwa wenyewe

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi na kufa kwa utaratibu uliowekwa na Muumba. Lakini pengine chembe moja huacha utaratibu huo, ikazidi kuongezeka pasipo kukoma, kama magugu katika shamba la maharagwe. Huko ndiko kuanza kwa kanseri.

Katika titi huanza mara nyingi kama uvimbe mdogo, mgumu, usiouma. Hapo ndipo penye hatari. Mtu wa shamba amezoea kwenda kwa muuguzi kwa sababu ya maumivu, kisichouma hukiacha. Dalili nyingine ni hizi: ngozi ya titi kubonyea au kukunjamana, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, na uvimbe kwapani. Mama aonaye mojawapo aende mapema kituo cha afya. Si kila uvimbe ni kanseri, lakini kila uvimbe wapaswa kuangaliwa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kula chungu kimoja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja au kumwosha hakuleti hatari yoyote. Wala si uchawi. Katika mwaka 2022 peke yake wanawake kama 2,300,000 duniani walipatikana na kanseri ya titi, na wengine kama 670,000 walikufa kwayo: wa Ulaya na wa Amerika, wa Asia na wa Afrika, matajiri na maskini. Je, hao wote walilogwa na mama mkwe? Mwenye kumsingizia jirani uchawi kwa ajili ya ugonjwa huu avunja amri ya nane; na mwenye kumpeleka mgonjwa kwa mpiga ramli avunja amri ya kwanza, tena ampotezea siku ambazo daktari angaliweza kumsaidia.

Matibabu ni marefu. Wengine hukatwa sehemu ya titi au titi zima. Wengi hutiwa dawa kali mshipani, mara kwa mara, kwa muda wa miezi. Dawa hizo huleta kichefuchefu, vidonda vya kinywa na kuanguka kwa nywele. Wengine huchomwa kwa mionzi, na wengine humeza vidonge kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Anayekatiza njiani ampa adui nafasi ya kurudi.

2. Mfano wa mama wa mlimani na mama wa msituni

Ufikiriwe mfano huu. Akina mama wawili walikutana katika chumba kimoja cha hospitali, mbali na kwao. Mmoja alikuwa kijana, wa milima ya Masisi, mke wa mfugaji. Alikuwa ameshushwa mlimani kwa tipoyi mpaka barabarani. Mwingine alikuwa mtu mzima, wa misitu ya Walikale, aliyetumia siku nyingi njiani.

Baada ya kutiwa dawa mara ya pili, nywele za yule kijana zilianguka zote. Akajifunika uso, akageukia ukuta, akakataa uji. Akamwambia muuguzi kwamba anataka kurudi nyumbani akafe kwa watu wake. Muuguzi alimsihi, lakini maneno hayakuingia.

Jioni yule mama wa Walikale akakaa ukingoni mwa kitanda chake. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakipangusa kichwa chake chenye upara, akasema:

"Mwanangu, mimi nilitoka Walikale pamoja na chawa wangu. Tangu nywele zianguke, nao wamekuwa wakimbizi. Sijui wamepiga kambi kwa nani. Hebu angalia vizuri kitandani mwako."

Chumba kizima kikacheka. Yule kijana naye akatabasamu, kisha akaomba uji.

Siku zilipopita, akamfungulia mwenzake moyo. Daktari alikuwa amesema kwamba titi litakatwa, naye aliogopa kuliko kisu jinsi mumewe atakavyomtazama. Yule mama hakumwambia, "Usiogope." Alimsikiliza tu, akamshika mkono. Mwishowe kijana mwenyewe akasema:

"Mama, nyumbani tuna ng'ombe aliyepoteza chuchu moja kwa ugonjwa. Tunamkamua zile tatu, na jibini yake watu wa Goma wanakula bila kuuliza. Mume wangu hajamfukuza ng'ombe yule. Akinifukuza mimi, nitamwuliza kisa!"

Yule mama wa Walikale alicheka hata akashika kifua chake kwa maumivu. Kisha wote wawili wakalia. Usiku ule mkubwa alipotapika, mdogo ndiye aliyemshikia beseni. Habari ya kurudi nyumbani haikutajwa tena.

Hata hivyo, ugonjwa wa mama wa Walikale ulikuwa umegunduliwa umechelewa. Madaktari walimwambia kweli yote, naye akaomba kupelekwa kwao, akakae na watoto wake. Kijana alibaki kumaliza dawa zake. Na kila alipoletwa mgonjwa mpya aliyegeukia ukuta, yeye ndiye aliyekwenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake.

3. Mafundisho ya mfano huu

Fundisho la kwanza: mgonjwa humwelewa mgonjwa mwenzake. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi alijua dawa, lakini yule mama alikijua kitanda. Kwa hiyo Bikira Maria alifanya haraka kwenda nchi ya milima kwa Elisabeti (Luka 1). Wote wawili walikuwa na mimba za ajabu ambazo majirani wasingaliweza kuzielewa. Walielewana wao kwa wao, wakafurahi pamoja.

Fundisho la pili: kicheko chema ni kipaji cha Mungu. Kitabu cha Mithali (17:22) chafundisha kwamba moyo wenye furaha husaidia mwili kupona, na moyo uliovunjika huukausha. Sara, mke wa Abrahamu, alimzaa mwana katika uzee wake, naye akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka (Mwanzo 21). Mgonjwa achekaye hamdharau Mungu wala hasahau ugonjwa wake. Aonyesha kwamba ugonjwa umeushika mwili wake, bali haujaitawala roho yake.

Fundisho la tatu: kicheko kina mlango wake, na ufunguo wake anao mgonjwa. Mama wa Walikale alianza kwa kukicheka kichwa chake mwenyewe, si cha mwenzake. Habari ya titi hakuitania mpaka kijana alipoitania mwenyewe. Huo ndio mzaha wenye mapendo. Lakini mwanamume asimamaye njiani na kumcheka mama aliyekatwa titi, huyo afanya dhihaka, naye akosa dhidi ya mapendo. Mwenye afya asianzishe utani; angoje. Akialikwa kucheka, acheke pamoja na mgonjwa. Akiona machozi, anyamaze na kukaa.

4. Kicheko hakitoshi

Yafaa kusema kweli. Kicheko hakiondoi kanseri. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani aliandika kwamba akina mama wagonjwa waliokutana kila juma kuzungumza pamoja waliishi muda mrefu kuliko wengine. Madaktari wengi walifurahi, wakataka kuhakikisha. Mwaka 2001 Pamela Goodwin na wenzake wa Kanada walitoa habari za akina mama 235 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea mwilini: waliokutana pamoja hawakuishi zaidi, lakini huzuni yao na maumivu yao yalipungua. Basi mtu asimwambie mgonjwa, "Ukichangamka utapona," wala asimlaumu azidiwaye kwamba hakucheka vya kutosha. Daktari apigana na kanseri. Wenzake wapigana na upweke. Kazi zote mbili ni za lazima.

Akina mama wa nchi nyingine wamefanya kazi hiyo. Mwaka 1952 Terese Lasser wa New York alikatwa titi. Alipopona alianza kuwatembelea wagonjwa wengine hospitalini, akiwapelekea mpira mdogo na kamba za kufanyia mazoezi ya mkono, na maneno ya mtu aliyekwisha kuipita njia ile. Huko Kampala akina mama waliougua kanseri ya titi waliunda chama chao kiitwacho UWOCASO, nao huwatembelea na kuwatia moyo wenzao wagonjwa.

Wenyeji wa Walikale wana mfano wao wenyewe. Katika hadithi ya Mwindo ya Wanyanga, ambayo mzee She-Karisi Rureke aliisimulia na ikaandikwa mwaka 1956, Mwindo aliposhuka kuzimu alimwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, shangazi angejua kwamba mwana yu hai. Iyangura hakuweza kushuka badala yake. Aliweza kushika kamba, naye hakuiachilia. Ndivyo ilivyo kazi ya ndugu wa mgonjwa.

Kamba hiyo hushikwa kwa mikono. Njia ni ndefu: wapo waendao Goma au Bukavu, wapo wavukao mpaka. Hospitali ya Butaro, katika Rwanda, ilifungua kituo chake cha kanseri mwaka 2012, nayo imepokea pia wagonjwa wa nchi jirani. Na chuo cha kanseri cha Kampala kilianzishwa mwaka 1967. Tena vita huzifunga njia. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa, na mwezi wa Machi mapigano yalifika Walikale penyewe. Kwa hiyo shirika la Wakristo lenye mgonjwa lifanye haya: lichange nauli kabla ya siku ya dawa, limlimie shamba na kuwalisha watoto wake, limpe msindikizaji mmoja asiyebadilika, lizifunge karatasi zake za hospitali katika mfuko wa plastiki, azichukue hata akikimbia. Baada ya kukatwa, mkono wa upande ule waweza kuvimba. Asirudishwe upesi kwenye mzigo wa kuni au wa viazi. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkristo aukanushe usemi huo kwa bega lake, kama watu wanne waliomchukua mwenye kupooza mpaka kwa Yezu (Marko 2).

5. Mtakatifu Agata

Kanisa lina mwombezi wa akina mama hao. Agata alikuwa msichana wa Katania, katika kisiwa cha Sisilia. Katika dhuluma ya Kaisari Desio, kama mwaka 251, aliteswa kwa ajili ya imani yake, na mapokeo yasimulia kwamba matiti yake yalikatwa, akatupwa gerezani. Hata hivyo hakupungukiwa na heshima yake mbele ya Mungu. Jina lake hutajwa katika Sala Kuu ya Kwanza ya Misa, na sikukuu yake ni tarehe 5 Februari.

6. Maswali na majibu

Je, mama aliyekatwa titi amepungukiwa kuwa mwanamke, au mke?
Hapana. Mume aliahidi mapendo katika afya na katika ugonjwa. Ahadi ile haikuwa kwa kiungo kimoja cha mwili.

Je, ugonjwa huu ni adhabu ya dhambi ya mgonjwa?
Hapana. Wanafunzi walipouliza kama kipofu alizaliwa vile kwa dhambi yake au ya wazazi wake, Yezu alikataa yote mawili (Yohane 9).

Je, mkatekumeni aliye mgonjwa aweza kupata sakramenti gani?
Akiwa katika hatari ya kufa na kutaka ubatizo, aweza kubatizwa upesi. Aliyekwisha kubatizwa aitiwe padri kwa Mpako wa Wagonjwa, akingali na fahamu. Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu. Ni ya kila Mkristo aliye katika ugonjwa mzito.

Je, ni dhambi kucheka karibu na mgonjwa?
Kumcheka mgonjwa ni kosa. Kucheka pamoja naye, yeye mwenyewe akitaka, ni mapendo.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni amtembelee mgonjwa mmoja wa kijiji chake. Asiende mikono mitupu: achukue maji, kuni au mboga. Asitoe hotuba. Akae, asikilize, na kabla ya kuondoka aulize siku ya dawa ifuatayo ni lini na nani atamsindikiza.

Sala

Ee Bwana Yezu, uliyekubali Simoni wa Kirene akusaidie kuubeba msalaba, uwape akina mama wagonjwa wenzi wa njiani. Uwape machozi yasiyo na aibu na kicheko kisicho na uchungu. Sisi wenye afya, utufundishe kushika kamba tusiiachilie. Mtakatifu Agata, utuombee. Amina.