SOMO LA AFYA: CHANJO NA MWENZETU ASIYE NA MAKAO



Somo letu linatoka ziwa Kivu, upande wa Nkanka, wilaya ya Rusizi, Rwanda. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na watu huvuka kutafuta riziki. Ugonjwa nao huvuka, wala hauulizwi hati.

Desemba 2019, Ebola ilipokuwa ikiua mashariki ya Kongo, Rwanda ilianza kuchanja watu wa wilaya za mpakani, Rubavu na Rusizi. Chanjo ile ilikuwa ya sindano mbili, ya pili baada ya siku 56. Watu walielezwa kwanza, wakakubali kwa hiari. Zaidi ya watu 200,000 walimaliza zote mbili.

Januari 2022 mambo yakawa kinyume. Wanyarwanda zaidi ya 100 walipanda mitumbwi wakakimbilia kisiwa cha Idjwi, Kongo, wakisema wanalazimishwa kuchanjwa Korona. Waliokuwa na nyumba wakaziacha.

Tunajifunza nini? Sindano inaingia mkononi, lakini imani haiingizwi kwa nguvu.

Sasa tumfikirie kibarua anayelala kwenye kibaraza cha duka. Tusiseme upesi kuwa ni mjinga. Pengine amewahi kukamatwa mitaani, na akiona foleni yenye askari na karatasi anadhani ni mtego. Pengine hana kitambulisho. Pengine akipanga foleni anakosa ujira wa siku, na ujira ndio chakula chake cha jioni. Na sindano ya pili baada ya siku 56 atafuatwa wapi, naye hana mlango wa kubishwa?

Basi yatupasa:

1. Kumsikiliza kwanza, kisha kumweleza.
2. Kudai mwajiri asikate ujira wa siku ya chanjo, kwa kibarua pia.
3. Kuomba wauguzi waje sokoni na kwenye kambi za wachuma chai, bila askari.
4. Kumtunzia kadi yake ofisini mwa tawi, kama akipenda, na kumkumbusha tarehe.

Ndugu, mashine moja tunaishika sote, na kikombe cha maji ni kimoja. Mwenzetu akiachwa nje, ugonjwa umeachiwa mlango.

Maswali ya kujadili tawini:
Je, ni nani kati yetu asiye na makao? Nani amewahi kumwuliza anaogopa nini?