Kufungua Mabunda ya Faili Katika Mifumo ya Jamii ya Unix

Utangulizi

Mwalimu wa fizikia anapotaka kuwapelekea wenzake wa shule nyingine vipimo vya maabara vya mwaka mzima, huwa na faili mia moja au zaidi. Kuzipeleka moja moja ni kazi ya kuchosha, na ni rahisi mojawapo kusahauliwa. Kwa hiyo hufungwa pamoja katika faili moja kubwa, ambayo katika makala haya itaitwa bunda. Bunda lililofungwa katika kompyuta ya Linux huenda likafunguliwa katika FreeBSD, macOS au Solaris. Je, vipimo vitatoka vyote, kwa majina yake na kwa ukubwa wake? Jibu limo katika muundo wa bunda lenyewe, na anayeuelewa muundo huo hana haja ya kukisia.

Chanzo cha tar

Programu ya tar ilitolewa mwaka 1979 pamoja na Toleo la Saba la Unix, mfumo wa uendeshaji ulioundwa katika maabara za Bell huko Marekani. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hifadhi ya utepe", kwa kuwa wakati huo data zilihifadhiwa katika tepe za sumaku. Utepe husomwa kwa mfululizo, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo bunda la tar halina orodha moja ya yaliyomo. Kila faili hutanguliwa na maelezo yake yenyewe.

Muundo wa bunda

Bunda hugawanywa katika vipande vya baiti 512. Kipande kinachotangulia kila faili huitwa kichwa. Humo mna jina la faili (baiti 100), ruhusa za matumizi, namba ya mwenye faili, ukubwa wa faili, wakati ilipobadilishwa mara ya mwisho, na jumla ya uthibitisho inayomwezesha msomaji kugundua kama kichwa kimeharibika. Baada ya kichwa hufuata data za faili. Kipande cha mwisho kisipojaa, nafasi inayobaki hujazwa sifuri. Mwisho wa bunda huonyeshwa na vipande viwili vya sifuri tupu.

Ukubwa wa faili huandikwa kwa tarakimu za mfumo wa nane, kama maandishi ya kawaida. Tuchukue mfano wa faili ambayo kichwa chake kina ukubwa 00000002750. Katika mfumo wa kumi:

(2 × 512) + (7 × 64) + (5 × 8) + 0 = 1512

Faili hiyo ina baiti 1512. Itahitaji vipande 3, yaani baiti 1536, na baiti 24 za mwisho zitakuwa sifuri.

Kwa nini namba iandikwe kama maandishi? Kompyuta hazikubaliani juu ya mpangilio wa baiti zinazounda namba moja: baadhi hutanguliza baiti yenye thamani ndogo, nyingine yenye thamani kubwa. Namba iliyoandikwa moja kwa moja kutoka kumbukumbu ya mashine moja huweza kusomwa kinyume katika nyingine. Tarakimu zilizoandikwa moja baada ya nyingine husomwa kwa namna ile ile mahali popote. Uamuzi huu mdogo ndio uliowezesha bunda kuvuka kutoka mashine hadi mashine.

Tofauti zilivyozuka

Baiti 100 hazikutosha kwa majina marefu, nazo tarakimu 11 za ukubwa haziwezi kuzidi baiti 8,589,934,591. Kanuni za POSIX za mwaka 1988 ziliongeza katika kichwa nafasi ya sehemu ya kwanza ya jina, na nafasi ya jina la mwenye faili badala ya kutegemea namba yake tu. Kanuni za mwaka 2001 ziliruhusu vichwa vya ziada. Mradi wa GNU nao ulikuwa na njia yake: jina refu huwekwa katika kipande cha pekee mbele ya faili inayohusika.

Programu za tar za Linux, FreeBSD na macOS za siku hizi huzielewa njia hizi zote. Tar ya zamani isiyozielewa hudhani kwamba kipande cha jina refu ni faili ya kawaida. Hutoa faili iitwayo @LongLink, kisha faili yenyewe kwa jina lililokatwa. Ikiwa faili mbili zina mwanzo mmoja wa jina, ya pili huifuta ya kwanza, bila onyo lolote.

Hasara kama hiyo hutokea hata katika programu mpya. Diski ya macOS kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo Vipimo.txt na vipimo.txt, ambazo ni faili mbili katika Linux, huwa moja. Kinyume chake, bunda lililofungwa katika macOS na kufunguliwa katika Linux huweza kutoa faili ndogo zenye majina yanayoanza na "._". Hizo ni sifa za ziada za mfumo ule, wala si vipimo.

Jambo la tatu ni umiliki. Msimamizi mwenye mamlaka yote akifungua bunda, tar hujaribu kumrudishia kila mtu faili zake. Jina lisipopatikana, namba ndiyo hutumika, na namba ile ile katika kompyuta nyingine huenda ni ya mtu mwingine. Hivyo alama za mtihani zaweza kuwa mikononi mwa mwanafunzi. Afadhali bunda lifunguliwe na mtumiaji wa kawaida.

Hatua za kufungua

1. Tengeneza saraka tupu na uingie humo, kwa kuwa tar hufuta faili zenye majina yale yale bila kuuliza.

2. Soma orodha kabla ya kufungua:

tar tf vipimo.tar

Majina yanayoanza na mkwaju (/) au yenye nukta mbili (..) yaweza kupeleka faili nje ya saraka hiyo. Yakionekana, usiendelee.

3. Fungua:

tar xf vipimo.tar

4. Bunda likiwa limebanwa kwa gzip, tar za zamani hazina herufi z ya kulibanua. Njia ifuatayo hufaa popote penye gzip:

gzip -dc vipimo.tar.gz | tar xf -

5. Hesabu faili zilizotoka na ulinganishe na hesabu ya aliyezituma. Bila hesabu hiyo, faili iliyopotea haitajulikana mpaka siku itakapohitajika.

Maswali

1. Kichwa cha faili kina ukubwa 00000001750. Faili ina baiti ngapi? Data zake zitachukua vipande vingapi, na baiti ngapi za mwisho zitakuwa sifuri?

2. Onyesha kwamba 8,589,934,591 ni sawa na 8¹¹ − 1.

3. Mwanafunzi amefungua bunda lenye faili 40 akapata 39, pamoja na faili iitwayo @LongLink. Eleza yaliyotokea, na pendekeza namna ambayo aliyelifunga angeweza kuyazuia.