Mji wa Makongolosi Unatanuka: Maswali ya Wananchi na Majibu Yake

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji uliolelewa na dhahabu na tumbaku. Nyumba zinazidi kusogea mashambani, na wananchi wana maswali. Yanayoulizwa mara nyingi ni haya.

Mji kutanuka ovyo ni nini?
Ni nyumba kusambaa katika eneo ambalo halijapangwa wala kupimwa, yaani halijatengewa barabara, shule, soko na makaburi, na viwanja vyake havina mipaka inayotambulika kisheria. Mji kukua si kosa. Tatizo huanza pale nyumba zinapoitangulia ramani.

Kwa nini watu hapa wanajenga haraka hivyo?
Fedha ya dhahabu haina mwisho wa mwezi. Duara, yaani shimo la uchimbaji, linaweza kukaa msimu mzima bila kitu, kisha siku moja likatema. Aliyepata hutafuta haraka mahali pa kuziweka fedha zisimponyoke, na wengi huona kiwanja ni salama kuliko mfukoni. Mkulima wa tumbaku naye hulipwa kwa mkupuo baada ya masoko, akakimbilia bati na saruji. Upande wa pili yupo mwenye shamba pembezoni mwa mji: ekari ya mahindi haimlipii mtoto ada, lakini akiikata vipande wanunuzi wanapanga foleni. Upimaji rasmi una hatua zake, kuanzia mchoro hadi idhini, na haujaweza kwenda mbio sawa na fedha hizo. Wala hali hii si ngeni, kwani dhahabu ya Lupa, eneo la machimbo hapa Chunya, imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920 na 1930.

Lami imechangia?
Ndiyo. Barabara ya Mbeya, Chunya hadi Makongolosi imerahisisha safari na biashara, lakini pia imepandisha bei ya viwanja vya kando yake, na mwenye kipato kidogo amesukumwa ndani, mbali na bomba la maji. Kumbuka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Usinunue wala kujenga humo.

Ni kweli wageni ndio wanaovuruga mji?
Hapana. Rashi, yaani watu kumiminika panaposikika dhahabu, huongeza idadi ya watu kwa ghafla, lakini wanaouza mashamba mara nyingi ni wenyeji, na vijana wa hapa hapa nao wanagawana urithi na kujenga. Kila Mtanzania ana haki ya kuishi popote nchini, mradi afuate sheria.

Nina karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Si hati hiyo?
Si hati. Ni ushahidi kwamba mauziano yalifanyika mbele ya kiongozi, na inafaa kuitunza. Hati miliki hutolewa baada ya eneo kupangwa na kupimwa. Jihadhari pia na viwanja vya hatua: dalali akitembea hatua 20 kwa 20, ukubwa wa kiwanja unategemea urefu wa miguu yake, na hapo ndipo ugomvi wa jirani na jirani unapoanzia.

Nimeshajenga eneo lisilopimwa. Nitabomolewa?
Si lazima. Upo urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwishajengwa, ambapo majirani hukubaliana kuachia njia na kila mmoja hutambuliwa kiwanja chake. Serikali ikitwaa ardhi yako unayoimiliki kihalali kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ulipwe fidia ya haki, kamili na kwa wakati.

Tunasikia upimaji ni njia ya kuwapa wawekezaji wa madini ardhi yetu.
Hofu hiyo inaeleweka, lakini kupima hakumpi mtu leseni ya madini. Leseni nayo haifuti haki ya mwenye ardhi: Sheria ya Madini inakataza shughuli za leseni ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu bila ridhaa yake ya maandishi. Mwenye kiwanja kilichopimwa ana nguvu zaidi ya kudai haki hiyo.

Kuna hatari gani kujenga karibu na machimbo?
Maduara yaliyoachwa hujaa maji na kuporomoka wakati wa masika, na watoto ndio huwa wa kwanza kutumbukia. Hatari nyingine haionekani: zebaki inayotumika kunasia dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke unaodhuru ubongo na figo. Usichome dhahabu jikoni wala uani, na usichimbe kisima karibu na mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu.

Nikiwa na mgogoro wa kiwanja niende wapi?
Anza na usuluhishi wa Baraza la Kata. Usipopatikana muafaka, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombe muuzaji namba ya kiwanja, kisha uende nayo ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Chunya ikahakikiwe. Akikataa kukupa au akikuharakisha, usinunue.