Benzi Kuukuu Katika Nchi ya Majani Chai

Mercedes C200 Kompressor ya mwaka 2004 siku hizi hupatikana kwa pesa ambazo mara nyingi hazifikii bei ya Probox iliyoingia nchini juzi. Ndiyo maana kila Oktoba inapokaribia, bonasi ya KTDA ikisubiriwa Litein, Kapkatet na Mogogosiek, watu huanza kuulizia Benzi na BMW. Kutamani si kosa. Viti vya ngozi, uzito unaotulia barabarani, utulivu wa ndani mvua inapopiga paa: yote hayo ni kweli, na aliyeyaonja hayasahau. Lakini kilichoshuka ni bei ya kununulia tu. Pampu ya maji, bushi na gia boksi hazikushuka nayo. Gari hilo liliundwa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo, na spea zake bado zinauzwa kwa hesabu ya mtu huyo.

Kwa hiyo tuanze na mfuko kabla ya injini. Pesa ulizo nazo zigawe mara tatu: mbili zinunue gari, moja ibaki benki au SACCO kwa miezi 12 ya mwanzo. Wenye magari haya wengi huyauza pale matengenezo makubwa yanapobisha mlangoni, na atakayeyalipia ni wewe. Baada ya mwaka huo, tenga kiasi kila mwezi kutoka malipo ya majani mabichi au mshahara, hata mwezi ambao gari halina kasoro. Usiitegemee bonasi kulitunza gari. Bonasi hupanda na kushuka kwa bei ya chai sokoni, ilhali rejeta haingoji mnada wa Mombasa.

Kuhusu aina ya gari, nitasema ninavyoamini. Kadiri mitambo inavyokuwa michache, ndivyo utakavyolala usingizi. Mercedes W124 iliyotunzwa, au C180 na C200 za W202 zenye injini ya M111, bado zinafaa kwa mtu wa huku. C-Class za W203 na W204 zenye injini ya M271 ni nzuri, ila cheni yake hulegea na gia za kamshafti huliwa. Njoo asubuhi gari likiwa limelala, gusa boneti uhakikishe ni baridi, kisha uwashe mwenyewe. Ukisikia mlio wa chuma kukwaruza kwa sekunde chache za kwanza, hiyo ni cheni, na bei ishuke au uondoke. E-Class W211 zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC, ambazo pampu yake huhesabu kila unapokanyaga na mwishowe hudai kubadilishwa. Zikwepe, isipokuwa una ushahidi kwamba pampu imeshabadilishwa. Na gari lenye springi za hewa litazame kabla halijawashwa. Likiwa limeinama kona moja, hewa inavuja, na kompresa itaungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Maji kwanza

Ningeruhusiwa kusema jambo moja tu, ningesema hili: gari la Ulaya huuawa na maji. Watu wa huku hupumbazwa na baridi. Wanadhani gari haliwezi kuchemsha mahali ambapo asubuhi unavaa koti. Kumbe mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100. Injini hizi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 na zaidi. Kinachozuia maji yasichemke humo ndani ni shinikizo, na shinikizo hushikiliwa na mfuniko wa tangi la maji.

Utazame mfuniko huo kwa makini. Juu yake mara nyingi pameandikwa namba, kwa mfano 140, maana yake bar 1.4. Mfuniko ukiwa mzima, maji hayachemki hadi yavuke nyuzi 120. Mpira wake ukikauka na kupasuka, unabaki na zile nyuzi 93, na injini isiyo na kasoro nyingine yoyote itachemsha ukipanda mlima. Mfuniko ni spea ya bei ndogo sana. Silinda hedi iliyopinda haina bei ndogo.

Mafundi wetu wengi wana mazoea ya kutoa thamostati gari likichemsha. Usikubali. Thamostati ikitolewa, injini haifiki joto lake la kazi, hasa asubuhi za nyuzi 10 kule Kapkoros au Chepsir. Kompyuta huendelea kumwaga petroli kana kwamba injini imewashwa sasa hivi, oili hubaki na unyevu, na ulichookoa kwa fundi unakilipa kila wiki kwenye kituo cha mafuta. Weka thamostati mpya, halafu utafute chanzo cha kuchemsha: pampu, feni, rejeta iliyoziba, au mpira unaovuja.

Usijaze maji ya mto wala ya kisima. Changanya kulanti inayotakiwa na mtengenezaji na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, na ibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Sehemu za plastiki zina umri wake. Tangi la maji na shingo ya rejeta vilivyokaa miaka 15 vikibadilika rangi, vibadilishe kabla havijapasukia njiani. W203 za mwanzo ziangalie zaidi, kwani baadhi ya rejeta zake zilipasuka kwa ndani, maji yakaingia gia boksi na kuiharibu.

Mtihani wa kweli wa gari unalotaka kununua uko barabarani. Shuka nalo hadi Ahero kwenye joto la Nyando, kisha upande tena kuja Kericho likiwa na watu ndani. Usiuamini mshale wa joto peke yake. Katika BMW E46 mshale umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda sana, na E90 haina mshale wa joto la maji kabisa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kukuonyesha joto halisi kwenye simu. Hicho kiwe kitu chako cha kwanza kununua.

Mvua na majani ya miti

Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na magari tunayaegesha chini ya mikaratusi na migrevilea. Majani membamba ya mgrevilea hujikusanya chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoanzia, yakaziba mifereji ya kutolea maji. Maji yakikosa njia hupanda na kuingia kwenye visanduku vya umeme. Katika W203 na W211 kimojawapo huitwa SAM, na kikilowa utaona vituko: taa zinawaka zenyewe, waipa hazisimami, betri inakufa usiku. Fundi ataanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine, na kila moja utailipia. Fungua boneti mara moja kwa wiki, toa majani kwa mkono, kisha mwaga maji kidogo uone kama yanatoka chini. Kazi hiyo haina gharama hata ya shilingi moja, na sijui nyingine inayookoa pesa zaidi yake katika nchi hii ya mvua.

Siku ya kuosha, elekeza maji chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu. Udongo mwekundu ukiganda huko hushika unyevu na kuleta kutu, ugonjwa unaojulikana sana kwa E-Class W210.

Oili nayo isingoje. Vitabu vya Ulaya husema kilomita 15,000 au zaidi, lakini viliandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda mbali kwenye barabara kuu. Wewe unatoka Brooke kwenda mjini, au Silibwet kwenda Bomet, injini inazimwa kabla haijapata joto vizuri. Badilisha oili na filta kila kilomita 7,500 au miezi 6, kwa oili yenye namba ya idhini iliyo kwenye kitabu, kama MB 229.5 kwa Mercedes nyingi au LL-01 kwa BMW nyingi za petroli. Gia boksi pia ina oili, hata kama muuzaji atakuapia kwamba haibadilishwi maisha yote. ZF, kampuni inayoziunda gia boksi za BMW nyingi, yenyewe hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Kutoka Kericho hadi Ahero unashuka karibu mita 1,000, na breki hupata joto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na huku unyevu haukosekani. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ila ikishalowa inaweza kuchemka kuanzia 155, na hapo pedali huzama hadi chini. Badilisha kila miaka 2, na ukishuka mteremko mrefu tumia gia ndogo. Kwa kuwa injini za sindano hukata petroli unapoachia pedali, gia ndogo haikuongezei gharama ya mafuta.

Usiogope murram, ila iheshimu. Mbio za magari za Safari Rally za 1959 na za 1960 zilichukuliwa na Bill Fritschy akiendesha Mercedes 219, na 1961 John Manussis akashinda kwa 220SE, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi na tope. Kinachoua bushi kwenye njia za kwenda vituo vya kununulia majani chai ni rimu kubwa zenye tairi nyembamba. Rudisha rimu ndogo zaidi inayoruhusiwa na kitabu cha gari, kwa kawaida inchi 15 au 16, uweke tairi nene. Gari litapoteza urembo kidogo na litaishi zaidi.

Spea na fundi

Kabla ya kuagiza chochote, chukua namba ya chasisi na utafute namba kamili ya spea. Gari la mwaka uleule laweza kuwa na pampu mbili tofauti. Kisha ujue kwamba kampuni zinazotengenezea viwanda vya magari huuza spea zilezile kwa jina lao: Lemförder kwa bushi na mikono ya usukani, Sachs kwa shokabu, Mahle na Mann kwa filta, Bosch kwa umeme. Bila nembo ya nyota kwenye boksi, bei hupungua sana. Kirinyaga Road kule Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, nunua vitu vilivyotumika kama vioo, taa, vitasa na viti. Usinunue kamwe vilivyotumika vya breki, maji, mikanda au bushi.

Fundi wa Kericho, Sotik au Bomet anayeishi kwa kutengeneza Probox anaweza kazi ya breki, bushi na oili vizuri kabisa, mradi umletee spea sahihi na umpe muda. Matatizo ya umeme ni habari nyingine. Usiruhusu mtu kubadilisha sensa kwa kubahatisha. Ni heri safari moja ya Nakuru au Kisumu kwa mwenye kompyuta ya aina ya gari lako, urudi na orodha ya makosa yaliyosomwa. Weka daftari garini, uandike tarehe, kilomita na kilichofanywa. Siku ya kuuza, daftari hilo litasema mengi kuliko rangi.

Kuhusu karatasi, thibitisha mmiliki kupitia NTSA kwenye eCitizen kabla ya kutoa hata amana. Uliza kampuni ya bima mapema pia, kwa kuwa nyingi hukataa kutoa bima kamili kwa gari lililopita umri fulani, na hapo mvua ya mawe ikivunja kioo, gharama ni yako.

Kama pesa za mwaka huu zinatosha kununua gari lakini hazitoshi kulilipia mwaka wake wa kwanza, nunua Toyota, au ungoje bonasi ijayo.