Stafingi kwa Vikombe: Kila Mtu na Ukoko Wake

Alhamisi ya nne ya Novemba, oveni ya nyumba ya Marekani ina mwenyewe, naye ni bata mzinga. Ameingia asubuhi, hatoki kabla ya mchana, na muda wote huo viazi vitamu, maharage ya kijani na mikate vinasubiri zamu. Sisi tunaoishi hapa Ohio na kukaribisha watu wengi siku ya Thanksgiving hatuumizwi kichwa na bata. Tunaumizwa na vile vya pembeni: vitaiva saa ngapi, na vitafikaje mezani vikiwa vya moto? Mimi stafingi ilinipunguzia shida hiyo siku nilipoachana na bakuli moja kubwa la kuokea na kuigawa kwenye trei ya keki ndogo, ile yenye vishimo 12. Kwenye bakuli inaweza kuchukua karibu saa nzima. Kwenye vishimo inaiva chini ya nusu saa, na nusu saa hiyo ninayo bila kuitafuta, kwa sababu bata akishatoka kwenye oveni anatakiwa kuachwa atulie kabla hajakatwa.

Kwa ambaye hajakutana nayo, stafingi ni mkate uliokatwa vipande, ukakaushwa, ukachanganywa na vitunguu na selari zilizokaangwa kwa siagi, ukatiwa majani ya seji na thaimu, ukaloweshwa supu ya kuku, kisha ukaokwa. Asili yake ni kujazwa tumboni mwa ndege, na wapo wengi wasiokubali namna nyingine. Majimbo ya Kusini wanatumia mkate wa unga wa mahindi, na baadhi ya familia za New England wanatia chaza. Ni chakula chenye historia ndefu kwenye meza hii. Sarah Josepha Hale, mhariri aliyemwandikia Rais Lincoln mwaka 1863 akimsihi aifanye Thanksgiving kuwa sikukuu ya taifa zima, alikuwa ameshamweka bata mzinga aliyejazwa stafingi kwenye nafasi ya heshima katika riwaya yake ya mwaka 1827, Northwood.

Mimi simjazi bata. Mkate ulio tumboni unanyonya maji ya nyama mbichi, na katikati ya tumbo ndiko joto linakofika mwisho. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka katikati ya stafingi pafike nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 kwa vipimo vya huku. Ukisubiri hadi pale ndani pafike hapo, nyama ya kidari imeshapita kiwango na imekauka. Ukimtoa bata mapema ili kuokoa kidari, unawalisha wageni mkate usioiva. Sioni sababu ya kujitia kwenye mtihani huo wakati supu nzuri ya kuku inatoa ladha ileile.

Sababu yangu ya pili inahusu ukoko. Aliyekulia kwenye nyumba inayopika pilau anajua watu wanavyogombea ukoko wa chini ya sufuria, na stafingi ya bakuli kubwa ina ugomvi huohuo: kingo zimekauka na kukolea rangi, katikati ni laini tu, na wanaopakua mwanzo wanazimaliza kingo zote. Kikombe kimoja kimezungukwa na bati moto chini na pembeni, na juu kinapigwa na joto la oveni. Kwa hiyo kila mgeni anapata ganda linalokatika kwa mlio na kiini laini ndani yake, hata aliyechelewa kufika.

Sasa tuingie jikoni. Kwa vikombe 12 vilivyojaa hadi kupanda juu kidogo, ninatumia mkate gramu 450, siagi gramu 113 (ni kijiti kimoja kama kinavyouzwa huku), vitunguu maji viwili vikubwa, mabua manne ya selari, punje tatu za kitunguu saumu, majani mabichi ya seji yaliyokatwakatwa kijiko kimoja cha mezani, thaimu kijiko kimoja cha chai, pasli konzi moja, mayai mawili, na supu ya kuku vikombe viwili vya kupimia, karibu mililita 480, pamoja na akiba kidogo pembeni. Ukikosa seji mbichi, kijiko kimoja cha chai cha iliyokaushwa kinatosha. Usikizidishe, maana seji kavu ikizidi inaacha uchungu mdomoni.

Mkate ndio kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Usichukue slesi laini za sandwichi, zikilowa zinakuwa uji. Tafuta mkate mzima wenye ganda na nyama iliyoshikana, kama ule wa Kifaransa au wa Kiitaliano. Ukate vipande vya mraba vya sentimita moja hadi moja na nusu, vidogo kuliko wanavyokata wanaotumia bakuli, kwa sababu kipande kikubwa kwenye kishimo kidogo kinaacha mapengo na kikombe kitavunjika kikitolewa. Lakini usisage. Chenga za unga zinakunywa supu yote mara moja na kugandamana. Jambo hili la ukubwa wa kipande lina uzito kuliko linavyoonekana: kampuni ya General Foods ilipoanza kuuza stafingi ya kiboksi, Stove Top, mwaka 1972, sehemu kubwa ya ugunduzi wa Ruth Siems, mtaalamu wa chakula aliyetajwa wa kwanza kwenye hataza yake, ilikuwa kupata kipimo cha punje za mkate kinachonyonya maji vizuri bila kuwa rojo wala kubaki kikavu.

Wengi wanakwambia utumie mkate uliolala. Mkate uliolala ni mgumu, kweli, lakini ugumu huo hautokani na kukosa maji peke yake. Wanga uliomo unajipanga upya na kukaza, na maji mengi bado yamo ndani. Unachotaka wewe ni mkate usio na maji, ili nafasi yake ichukuliwe na supu yenye ladha. Kwa hiyo tandaza vipande kwenye trei mbili pana na uviweke kwenye oveni ya nyuzi 120 (250 za Farenihaiti) kwa dakika 40 hadi 50, ukivigeuza mara mojamoja. Visibadilike rangi sana. Chukua kimoja ukibonyeze kwa vidole: kikivunjika kwa mlio hadi katikati, tayari. Kikibonyea na kurudi, bado kina maji, rudisha. Kazi hii ninaifanya Jumanne, oveni ikiwa haina mgombea, na vikishapoa naviweka kwenye chombo chenye mfuniko.

Vitunguu na selari vikate vidogo sana, kama unavyokata vya sambusa. Yeyusha siagi kwenye kikaango kipana, uvitie na chumvi kidogo, na uache moto wa wastani hadi vilainike kabisa na vitunguu vianze kung'aa. Kwenye kikombe kidogo, selari ngumu inasikika kwenye meno kila mara, kwa hiyo usiharakishe. Kisha tia kitunguu saumu, seji na thaimu, koroga kwa dakika moja, na hapo ndipo harufu ya sikukuu inapoijaza nyumba. Pilipili manga tia kwa ukarimu. Wenzangu wa pwani mara nyingi huuliza kama waongeze bizari ya pilau. Ushauri wangu ni kuiacha seji itawale. Pilau na kachumbari ziko mezani siku hiyo hiyo, na kila chakula kinapata nguvu kikibaki na harufu yake. Pilipili mbichi moja iliyokatwa ndogo, hiyo ninaikubali kwa moyo wote.

Kuchanganya kuna hatua ndogo ambayo watu wanairuka. Weka mkate kwenye bakuli kubwa, mimina mboga pamoja na siagi yake yote, tia pasli, geuza. Kisha mimina nusu ya supu ikiwa vuguvugu, geuza taratibu kwa mikono, subiri dakika tano. Baada ya hapo piga mayai kwenye nusu iliyobaki, nayo iwe imepoa ili yasigande, halafu mimina na kugeuza tena. Mayai ndiyo yanayoshikilia umbo, bila hayo utapakua chenga. Sasa chukua konzi moja na uiminye kwa upole. Inapaswa kushikamana, na unyevu uonekane kati ya vidole bila kudondoka. Ikiachana, ongeza supu ya akiba kijiko kwa kijiko. Ikidondosha maji, iache ikae dakika chache zaidi, kwa kawaida mkate utayamaliza.

Onja chumvi kabla mayai hayajaingia. Supu ya kiboksi ya madukani mara nyingi ina chumvi nyingi, kwa hiyo mimi nanunua ile iliyopunguzwa chumvi au nachemsha mwenyewe shingo na mabawa.

Trei iwe ya bati. Zile za silikoni zinatoa kikombe kwa urahisi, lakini hazikaushi pembeni, na ukoko ndio tuliokuja kuutafuta. Paka siagi kila kishimo, chini, pembeni, hadi kwenye mdomo. Jaza ukibonyeza kidogo kwa kijiko ili pasiwe na mapengo, kisha ongeza kilima kidogo juu bila kukibonyeza. Vile vipande vilivyojitokeza ndivyo vitakavyokolea rangi ya dhahabu. Bata akitoka, pandisha oveni hadi nyuzi 190 (375) na uingize trei bila kuifunika, dakika 25. Kama una kipimajoto, chomeka katikati ya kikombe kimoja kuhakikisha nyuzi 74 zimefika.

Trei ikitoka, usiiguse kwa dakika nane hadi kumi. Yai linahitaji muda huo kukaza, na ukichomoa mapema utatoa kilele na kuacha kitako. Pitisha kisu chembamba ukingoni mwa kila kishimo, duara zima, kisha kiinue kikombe kwa kijiko kutoka chini. Utaona ubavu wake ulivyobadilika: kahawia, na vipande vya seji vimejichora kwenye ganda. Vipange kwenye sahani pana bila kuvipandanisha, kwa sababu mvuke wa cha chini unalainisha cha juu.

Meza yetu hukusanya Wakenya, Watanzania, Wakongo na majirani Wamarekani, Waislamu na Wakristo, na mmoja au wawili wasiokula nyama kabisa. Stafingi nyingi za huku hutiwa soseji ya nguruwe, na bakuli moja kubwa likishatiwa hivyo, nusu ya wageni hawana chao. Nyumbani kwangu nguruwe haingii. Ninapotaka soseji, natumia ya ng'ombe au ya bata mzinga iliyochinjwa halali, gramu 200 hivi, naikaanga kwanza na kuisambaratisha kwa mwiko, kisha nakaanga vitunguu kwenye kikaango hichohicho. Supu nayo iwe ya kuku wa halali, na maandishi ya kiboksi cha mkate yasomwe kabla ya kununua. Kwa wasiokula nyama, mboga zao nazikaanga kwenye kikaango kisichoguswa na soseji, nazichanganya na sehemu yao ya mkate kwenye bakuli lingine, naiwekea supu ya mboga na uyoga uliokaangwa hadi maji yake yamekauka, na kuioka kwenye trei yake ndogo ya vishimo sita yenye kijiko chake cha kupakulia. Juu ya kila kikombe cha aina hiyo nabandika jani zima la seji kabla ya kuoka, ili mgeni ajue chake bila kuuliza mbele za watu. Kumwandalia mtu chake, kizima na kizuri kama cha wengine, naona ndiyo heshima yenyewe ya kumkaribisha.

Ukitaka kupunguza kazi ya Alhamisi, kausha mkate Jumanne na kaanga mboga Jumatano, kila kimoja kikae peke yake, mboga kwenye friji. Usichanganye mkate, supu na mayai usiku ukalaza mbichi hadi kesho, kwa kuwa mchanganyiko mbichi uliolowa ni mahali pazuri sana pa bakteria kuzaliana. Changanya na uoke papo hapo. Au oka kabisa wiki moja kabla, acha vipoe, vigandishe kwenye friza vikiwa vimepangwa mbalimbali kwenye trei, kisha vihamishie kwenye mfuko. Siku yenyewe vinakwenda kwenye oveni ya nyuzi 175 (350) moja kwa moja kutoka friza, dakika 20 hadi 25 vikiwa vimefunikwa kwa foili, na dakika tano za mwisho bila foili ili ganda lirudi.

Vilivyobaki vinakaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Kuvipasha kwa maikrowevu kunaua ukoko, kwa hiyo vikate katikati, weka siagi kidogo kwenye kikaango, laza upande uliokatwa chini hadi ukolee, na ukaangie yai pembeni. Hicho ndicho kifungua kinywa chetu cha Ijumaa, na chai ya tangawizi.