Haki ya Mzazi na Amana ya Mtoto

Twaulizwa: mwalimu akimwona mwanafunzi amenyong'onyea, hali wala hasemi na wenziwe, je, ana ruhusa ya kumpeleka kwa tabibu wa maradhi ya nafsi pasi na wazazi kujua?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa mtoto haki ya malezi ya baba na mama. Lakini chasema pia kwamba katika kila jambo limhusulo, maslahi yake ndiyo makuu. Basi mwalimu na atuarifu upesi, asitufiche. Nasi tusiikatae tiba kwa kuona haya. Mtoto ni amana, si mali. Haki yetu ni kumwuguza, si kumficha hata akaangamia.